Japuonj na Matanuri ya Samaki

Kama uliishi Kaloleni, mtaa wetu wa mji wa ziwani, miaka ya sitini na ukamwambia jirani yetu, "Leo kuna joto kuliko jana," ulijitafutia kesi. Angesimamisha baiskeli, aweke mguu mmoja chini, akuulize kwa upole kabisa, "Umepima?" Hakuwa anakukejeli. Kama ulipima, alitaka kweli kuona. Watu wengi waliamua kumsalimu kwa "Habari" na kupita haraka, na hata hapo hawakuwa salama sana.

Tulimwita Japuonj, jina ambalo kwa Kijaluo ni mwalimu, ingawa alikuwa ameacha chaki kabla hajahamia mtaa wetu. Kazi yake ilikuwa utafiti. Mke wangu, Mama Zuhura, aliponiuliza utafiti ni kazi gani, nilimjibu kwa ujasiri wa mtu aliyemaliza kidato cha nne kwa hesabu za kubahatisha: "Ni kutafuta kitu ambacho hakijapotea." Japuonj alinisikia kutoka upande wa pili wa ua, akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo akawa mtu wa barazani kwangu.

Mimi ni fundi wa kushona. Cherehani ilikaa barazani na mimi nilikaa nyuma yake, na kati yetu wawili cherehani ndiyo iliyosafiri zaidi, maana mara moja moja ilipelekwa kutengenezwa. Japuonj aliwaonyesha wageni wake kiti changu. "Kitu cha kupimia lazima kikae mahali pamoja," aliwaambia. "Huyu Fundi hajasogea tangu nimjue. Ukitaka kujua mji umekwenda wapi, anzia kwake."

Wanawake wa mtaa walikuwa na malalamiko ya zamani kwamba bomba la upande wa msikiti linatoa maji polepole kuliko bomba la upande wa shule. Yalikuwa malalamiko mazuri, ya kupitishia asubuhi, na hakuna aliyetaka yaishe. Japuonj akatokea na debe na saa ya mkononi, akaomba nafasi ya kujaza na kumwaga, kujaza na kumwaga, asubuhi, adhuhuri na jioni. Foleni ikazunguka nyumba.

"Japuonj," mke wangu akamwambia, ndoo mkononi, "sasa bomba zote mbili ziko polepole, na sababu ni wewe."

Akasimama akafikiri. "Hiyo ni kweli, Mama. Mpimaji naye anaharibu kipimo." Akaondoa debe lake, akaja siku nyingine kabla foleni haijaanza. Mwishowe akatangaza kwamba mabomba yale yalikuwa sawasawa. Wanawake walimnunia mwezi mzima. Alikuwa amewapokonya kitu walichokipenda, na mbaya zaidi, kwa ushahidi.

Usidhani alikuwa mtu wa mstari mnyoofu. Aliyejua saa kuliko wote ndiye aliyechelewa kuliko wote. Aliyetaka ushahidi wa kila jambo alikuwa na timu yake ya mpira iliyofungwa msimu baada ya msimu, na kila Jumamosi alikwenda uwanjani akiwa na hakika kabisa. Ukimgusia hapo alikuwa hana takwimu, alikuwa na imani tu. Na chakula alikitia chumvi kabla ya kuonja. Siku moja mezani kwangu nikamshika.

"Mwalimu, umepima?"

Kijiko kikaganda hewani. "Fundi, hapa nategemea uzoefu."

"Uzoefu wa chumvi ya mke wangu?"

"Wa wake za watu wote."

Mama Zuhura akakichukua kile kisahani cha chumvi, na kwa muda mrefu hakikurudi mezani.

Ila kulikuwa na jambo moja asilolifanyia mzaha, nalo ni macho ya mama yake. Mama huyo alikuja kumtembelea mara chache kutoka ufuoni mwa ziwa, huko Seme, chini ya Kombewa, alikokausha samaki kwa moshi tangu alipoolewa. Hakuwa mzee sana, lakini alinitambua kwa mlio wa cherehani. Macho yake yalikuwa mekundu, yakitoka machozi bila kilio, na ukimpa pole alisema, "Ni moshi tu," kama mtu anayesema ni manyunyu tu.

Ukaushaji wenyewe ulikuwa hivi: shimo, vijiti juu yake, samaki wa ziwani, ngege na kamongo, juu ya vijiti, gunia bovu la kufunikia, na mama amepiga magoti anapuliza. Moshi unaobaki baada ya samaki kuchukua wake anauchukua yeye. Japuonj alikuwa amechora tanuri la udongo na nusu ya pipa, ndani lina trei za waya, chini mlango wa kuni, na juu bomba la kutolea moshi lililopita kichwa cha mtu. Alilijenga uani kwetu na kulibomoa zaidi ya mara moja, na katika kulibomoa na kulijenga aliunguza nyusi zake mwenyewe. Likafika siku tukala ngege aliyekauka vizuri, na hakuna aliyekohoa.

"Basi, limekubali," nikasema nikilamba vidole. "Wapelekee akina mama."

"Limekubali kwangu, Fundi. Mimi nalipenda. Mtu anayekipenda kitu si shahidi."

"Lakini mama yako..."

"Ndiyo maana hasa." Akafuta mikono. "Sikiliza. Mama akikausha vibaya, samaki wake wanaingia funza wakiwa njiani kwenda sokoni, na jioni hiyo jikoni kwake hakuna kitu. Siwezi kumwambia mtu abomoe shimo linalomlisha kwa sababu mimi nilifurahi uani kwa Fundi. Nikikosea, nimempokonya riziki. Nikinyamaza na kumbe ni zuri, nimempokonya macho. Lazima nijue."

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi kwa miaka. Lazima ajue.

Akaja na mpango, na alinieleza kwa lugha ya kazi yangu, kwa sababu ya kwake niliisinzia. Ukitaka kulinganisha mishono miwili, kata mashati mawili kwenye kitambaa kimoja. Kwa hiyo alitafuta maboma yenye wake wawili. Mume yule yule, mtumbwi ule ule, samaki wa wavu ule ule wakigawanywa sawa. Mke mmoja atatumia tanuri jipya, mwenzake atabaki na shimo. Halafu kuni zipimwe, samaki wapimwe, na samaki waliokauka watunzwe kuona wa nani watawahi kuharibika.

"Na tanuri unampa yupi?"

"Kura." Alitoa mfukoni punje mbili za mahindi, nyeupe na nyekundu. "Zinaingia kwenye kofia. Kila mama anachota yake, mbele ya mwenzake."

"Kwa nini usichague tu?"

"Nikichagua nitampa mdogo." Akacheka, lakini si sana. Mama yake alikuwa mke wa pili, na Japuonj alikua akila baada ya watoto wa nyumba kubwa na kuvaa baada yao. Boma la kwao alikuwa ameliacha nje ya jaribio, ili lisimvute moyo. "Kura ni kitu kizuri sana, Fundi. Haijui nani aliolewa kwanza."

Mchango wangu katika sayansi ulikuwa mifuko. Nilishona mifuko ya kitambaa, kila mmoja na kibati chenye nambari, na samaki wa ufuoni wakaja kuning'inizwa darini kwa Japuonj kungojea kuoza. Kaloleni nzima ikajua. Paka walikuja kutoka mitaa ambayo mimi mwenyewe sijafika. Walikaa ukutani wametazama dirisha lake kama waumini, na mzee mmoja jirani akauliza kama kuna matanga. Japuonj alifungia mlango kwa waya na kuwahutubia paka wale kwa adabu: "Ndugu zangu, mtu akila hapa, ameharibu kazi ya msimu mzima."

Hesabu zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa rula yake ya kuhesabia, ile ya kutelezesha. Akasikia kwamba Nairobi kuna mashine mpya ya kuhesabu, kompyuta, inayojaza chumba, na hailishwi maneno ila kadi zilizotobolewa matundu. Aliniletea kadi moja. Mimi niliona kiolezo cha kutarizi, na mpaka leo kuna foronya kwangu yenye matundu ya uzito wa samaki wa Seme niliyoyatarizi ukingoni. Akapanda treni na kasha la kadi mapajani, kama mtu anayempeleka mtoto hospitali.

Aliporudi alikuja moja kwa moja barazani. Akakaa. Akafungua karatasi pana zilizokunjwakunjwa, akazikunja tena.

"Mashine inasema hakuna tofauti," akasema. "Samaki wa tanuri na samaki wa shimo ni mamoja. Hata kuni ni zile zile."

"Si uiambie iangalie tena?" Mama Zuhura akamwambia.

"Imeangalia, Mama. Haichoki kama sisi."

Haikupita wiki akaja mkubwa wake wa kazi, bwana mmoja wa tai pana. Alimkuta Japuonj kwangu, na kwa kuwa mtu wa cherehani ni sawa na samani, wakaongea mbele yangu. Nilishona mshono ule ule mara tatu ili lisinipite neno.

"Shoo ya kilimo imekaribia," akasema bwana. "Wageni wakubwa wanakuja, na tanuri lako ndilo tumeliweka mbele. Limepakwa na rangi."

"Matokeo hayasemi linafaa."

"Mwalimu, sote tumeliona. Moshi unatoka juu. Mtoto mdogo anaona. Sema linafaa, hesabu utazinyoosha baadaye."

"Labda linafaa kwako na kwangu tu."

"Labda, labda! Watu hawaji shoo kusikiliza labda."

Bwana alipoondoka nilimuunga mkono yeye huyo bwana, nakiri. Nilisema tanuri ni zuri, nyusi zake ni ushahidi, na akisema hapana akina mama wataendelea kukohoa. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kuna kitu sijakiona," akasema. Asubuhi yake akapanda baiskeli kwenda ufuoni bila kumwarifu mtu. Siku zote alikuwa akituma habari kabla ya kwenda, kwa heshima, na akina mama walimngojea na chai.

Hivi ndivyo alivyonisimulia. Aliingia boma la kwanza, mahali ambapo punje nyeupe ilikuwa imempa tanuri mke mdogo, nyachira kama wanavyomwita. Tanuri lilikuwa linawaka karibu na mlango wa nyachira, sawasawa. Lakini aliyekaa mbele yake kwenye kigoda, ametulia, anageuza samaki, alikuwa mikayi, mke mkubwa. Nyachira alikuwa nyuma ya nyumba ya mkubwa, kwenye shimo la mkubwa, amepiga magoti ndani ya wingu.

"Mama," Japuonj akamwambia mikayi, "hili si ni la mwenzako?"

"Ni la kwake."

"Sasa mbona wewe ndiye..."

Mikayi akamtazama kama anayemtazama mgeni. "Yawa, Japuonj! Moto mpya uwake katika boma hili, na mimi niwe wa pili? Unataka tuugue?"

Kwa desturi yao, mambo ya boma yanafuata ukubwa. Mikayi ndiye anayetangulia kupanda mbegu, ndiye anayetangulia kuvuna, na meko mapya hayawashwi akarukwa. Atakayevunja mpangilio ameita balaa nyumbani. Kwa hiyo kila boma ambalo kura ilimpa mdogo, wanawake walibadilishana mahali bila ugomvi wowote, na vibati vikabaki kwenye samaki kama vilivyoandikwa, wa tanuri wakiitwa wa shimo na wa shimo wakiitwa wa tanuri. Mashine ya Nairobi haikukosea. Ililinganisha kwa uaminifu matanuri na mashimo yaliyochanganyika.

"Lakini kwa nini hamkuniambia?" akauliza.

Nyachira ndiye aliyejibu, akitoka moshini, anafuta macho kwa kiwiko. "Tulidhani unajua. Kwani wewe si mtoto wa hapa?"

Hapo aliponisimulia aliitazama baiskeli yake. Alijua. Alijua tangu utotoni, alikula kwa mpangilio huo na kuuchukia. Ila alipoanza kufikiri kwa kura alidhani na mpangilio nao ungekaa pembeni ungojee amalize. Mzungu angeuliza, kwa sababu hajui. Yeye hakuuliza.

Siku ya shoo sikwenda. Kuna watu wengi mno na viti vichache. Mke wangu alikwenda, na alisema Japuonj alivaa vizuri, akasimama kando ya tanuri la rangi ya kijani, wageni wamepanga mstari, na mkubwa wake akamkaribisha aeleze mafanikio. Japuonj akasema: "Mabwana na mabibi, tanuri hili huenda ni zuri. Sijui bado. Jaribio lilikuwa na kosa, na kosa ni langu, si la akina mama. Nipeni msimu mwingine." Kisha mgeni mmoja akauliza kama lile bomba linaweza kuchoma mahindi.

Hawakumpa msimu mwingine. Walimhamishia ofisi ya mbali kidogo, kwenye meza isiyo na samaki, na akahama Kaloleni. Paka walingojea siku kadhaa kisha nao wakatawanyika. Mimi nilibaki, bila shaka.

Miaka ikaenda. Tulisikia kwamba kila likizo yake anaonekana ufuoni na mizani yake, kwamba nywele zimekuwa nyeupe, kwamba mama yake haoni tena kabisa. Halafu, katikati ya miaka ya sabini, akaja mtu na ujumbe wa mdomo: "Japuonj anasema Fundi aje Seme. Anasema kuna chai." Mama Zuhura alicheka kiasi cha kukaa chini. Lakini alinipigia kanzu pasi, na mimi, ambaye Kombewa kwangu ilikuwa ng'ambo, nikaenda. Nilifika ufuoni na vumbi hadi kwenye nyusi, nikamkuta amekaa na akina mama wa boma lile lile, chini, karatasi magotini.

Alikuwa amerudia jaribio zima, safari hii kwa kuwauliza kwanza. Wao ndio waliompangia: mikayi anaanza na tanuri, zamu inayofuata nyachira, kisha wanabadilishana, na tena, mpaka kila mmoja amekaushia kote kote. Hakuna aliyerukwa, na hakuna kibati kilichodanganya. Hata hesabu, alisema, zilitoka nzuri kuliko za kura peke yake. Na matokeo hakuyapeleka kwa mkubwa yeyote kwanza. Aliyaleta pale.

"Tanuri linakula kuni kidogo," akawaambia. "Samaki wake wanakaa zaidi bila kuharibika. Sasa nina hakika, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa na hakika."

"Na lingekuwa baya?" akauliza nyachira.

"Ningekuja hivi hivi kuwaambia."

Wakatazamana. Kisha mtu akauliza lile lililobaki: tanuri ni moja, na jaribio limekwisha, linakaa kwa nani? Jibu kila mtu alilijua: kwa mikayi. Japuonj aliangalia chini. Hapo hakuwa na punje za kutia kofiani.

Mikayi akainuka, polepole, amemshika mjukuu bega. Akaenda jikoni kwake, akarudi na kaa la moto kwenye kigae, akaliweka ndani ya tanuri, akaweka na ngege wake mmoja juu ya trei. Akasubiri moshi utoke. Kisha akarudi nyuma.

"Mmeona wote nimetangulia," akasema. "Sasa liwe la huyu. Macho yangu mimi yameshazoea. Yake bado yana kazi."

Mikayi alikuwa ameshageuka, anaelekea kwenye shimo lake nyuma ya nyumba, anakohoa.

Japuonj akasimama. Nilidhani atatoa hotuba, maana alikuwa na karatasi za kutosha. Akaziweka chini, akaweka jiwe juu yake. Nusu ya pili ya pipa ilikuwa pale pale, ng'ombe wanainywea maji. Akaimwaga. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia penye udongo walipokuwa wakichimba wa kukandikia nyumba.

"Mama," akaita, "usiwashe huko."

"Utakanda mpaka jua lizame," mikayi akasema bila kugeuka.

"Nitakanda." Kisha akaniangalia. "Fundi, wewe unangoja nini?"

"Niliambiwa kuna chai."

"Ipo. Iko upande wa pili wa udongo."

Akina mama wakaangua kicheko. Nikapandisha kanzu yangu iliyopigwa pasi, nikaifunga kiunoni, nikaingia. Udongo ulikuwa baridi na ulinimeza hadi kwenye mashavu ya miguu. Mikayi akageuka kutazama. Alisimama pale akikaza macho yale mekundu ili atuone vizuri.

"Huyo wa kanzu," akasema mwishowe, "anakanyaga kama kuku. Mwambieni atumie kisigino."

Nikatumia kisigino. Yeye akavuta kigoda, akaketi mbali na shimo, akaanza kutusimamia.